Anapoambiwa msiba kajivutia mwenyewe: namna ya kukaa naye

Kwenye matanga ya huku Busia, upande wetu wa Uganda, methali mbili hugombania kiti kimoja. Akifa mtu mwenye uwezo, gari lake limeingia usiku chini ya trela lililoachwa barabarani bila taa, wasemaji husimama mmoja baada ya mwingine: ajali haina kinga. Akifa kijana wa boda barabara hiyohiyo, hata mwili haujatoka hospitali ya Masafu, nyuma ya hema utasikia: msiba wa kujitakia hauna kilio. Mimi ndiye mshika daftari wa chama chetu cha kuzikana. Nakaa kati ya hema na jiko, nayasikia yote mawili, na najua nani hupewa lipi.

Siku hizi limeingia na la tatu. Wanasema mtu huvuta msiba kwa roho yake. Aliogopa, basi akauita. Alitamka "mimi nitakufa maskini", basi akajitabiria. Wengine husema ni nuksi, wengine roho ya mauti, wengine laana ya ukoo ambayo hakuivunja kwa wakati. Redioni lipo, kwenye simu lipo, madhabahuni ndiyo usiseme. Na anayebebeshwa maneno hayo hawi marehemu, ni yule aliyebaki: mjane, mama, kaka aliyempigia simu mdogo wake aje haraka.

Wewe utakayekwenda kukaa na mtu kama huyo, fanya hivi.

Kabla hujatoka nyumbani, jua kilichotokea

Sisemi ufanye umbea. Jua ni nini kilichoua na kilivyoua, kwa sababu pale pasipo na maelezo ya kawaida, maelezo ya roho huingia bila kubisha hodi. Uliza aliyekuwepo, uliza nesi, uliza mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji. Halafu uliza nani ametangulia kufika kwa mfiwa na amesema nini. Hilo la pili ndilo litakalokuambia kazi inayokungoja.

Radi nitaieleza kwa kirefu, maana hakuna kifo huku kwetu kinachosingiziwa kama cha radi. Utaambiwa radi hutumwa, radi hutafuta mwizi, radi haipigi nyumba isiyo na deni. Sasa chukua Runyanya, shule ya msingi kule Kiryandongo. Juni 2011 radi ilipiga darasani ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Chukua Palabek, kambi ya wakimbizi wilayani Lamwo. Novemba 2024 watu walikuwa wamekusanyika kwa ibada, mvua ikaja, radi ikaua 14. Anayeshikilia kwamba hao walijivutia anieleze watoto wa darasa moja walikuwa wamewaza nini kwa pamoja, na wale wa Palabek walikosea wapi katika sala yao.

Kinachoua watu wengi kwa mpigo ni hiki: umeme ukishafika ardhini hautulii mahali pamoja, husambaa kwenye udongo na kupanda miguuni mwa kila aliyesimama karibu. Ukipiga mti, huruka kutoka kwenye shina kumfuata aliyejikinga chini yake. Jengo lisilo na waya wa kupeleka umeme ardhini halimkingi aliye ndani, hata liwe na bati jipya. Nyumba ya udongo na nyasi ndiyo kabisa. Ndani ya gari lenye paa la chuma, madirisha yamefungwa, una nafuu. Ukiona mwanga, hesabu mpaka usikie ngurumo. Ukiisikia kabla ya kufika 30, hatari iko karibu nawe. Baada ya ngurumo ya mwisho kaa ndani nusu saa. Na hili liseme kwa sauti popote ulipo: aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse. Kama hapumui, mkandamize kifua. Watu huachwa chini mvuani kwa sababu jamaa wanaogopa kushika kilicholaaniwa, na pengine moyo ungerudi.

Kwenye migodi ya dhahabu ya Tiira ni hadithi nyingine lakini mwenendo uleule. Shimo likiwafukia vijana husemwa dhahabu imedai damu, au kuna aliyeingia akiwa na najisi. Uliza mvua ilinyesha lini na kuta zilikuwa na mbao za kushikilia udongo au la.

Ukifika

Sema "Pole sana, mama. Nimekuja." Umemaliza. Shika kazi. Sukari, mkaa, sabuni, jerikeni za maji, mtu wa kukaa na watoto wadogo, mtu wa kumpigia mjomba aliye Kampala. Ukiwa na mikono kazini hutatafuta la kusema, na wengi tunasema mabaya kwa kutafuta tu la kusema.

Maswali ya kuacha: Mlikuwa mmekosana na nani? Hakuota kitu? Alikuwa ameokoka? Zaka mlitoa? Kila swali hapo lina jibu lake tumboni, na mfiwa analisikia jibu kabla hujamaliza kuuliza.

Wenye Biblia wanamjua Ayubu. Marafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walipomwona walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, hakuna aliyenena neno. Mpaka hapo walikuwa watu wema kabisa. Walipofungua midomo ndipo mambo yakaharibika. Bildadi alimwambia baba aliyezika watoto kumi kwamba watoto hao walikosa. Na mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa. Siku hizi sioni mtu anayekaa kimya siku saba. Dakika saba zingetutosha.

Mfiwa mwenyewe akisema "niliyaita mimi"

Hapa usiharakishe. Usimkatize kwa "usiseme hivyo". Ukimnyamazisha, neno halitoki, linahamia tu usiku. Mwache aseme lote, kisha sikiliza ni aina gani, kwa sababu aina zake hazitibiwi kwa dawa moja.

Kuna anayejilaumu kwa wazo au ndoto. Mama mmoja wa upande wa Majanji, mwanawe mvuvi alizama ziwani. Alikuwa ameogopa jioni ile, akamwambia kijana "sitaki uende", na tangu hapo alipewa mafundisho kwamba hofu yake ndiyo iliyofungua mlango. Mtu wa namna hii usibishane naye juu ya roho. Muulize: jioni nyingine ulikuwa huogopi? Aliniangalia kama nimemuuliza kama huwa anapumua. Kila mama wa mvuvi huogopa kila jioni, na karibu kila asubuhi mtumbwi hurudi. Hofu iliyorudishiwa mtoto haina anayeikumbuka. Tunakumbuka ile moja iliyokutana na dhoruba. Mpe nafasi ahesabu mwenyewe, usimhesabie.

Baadaye, akitaka kujua, mweleze ziwa. Ziwa hili, Victoria, ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo na radi nyingi zaidi duniani, na dhoruba zake kubwa huja usiku. Nchi kavu hupoa jua likizama, maji yakabaki na joto, basi upepo hutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu inapandishwa, mawingu yanajengeka. Na usiku ndio wakati wavuvi wako majini. Hilo lilikuwepo kabla mama hajazaliwa. Jaketi la kuelea lingeweza kumsaidia kijana, maombi ya mama kuwa ya ujasiri zaidi yasingegeuza upepo. Najua wapo watakaonichukia kwa sentensi hiyo. Mimi pia huomba.

Wa pili anajilaumu kwa tendo. Huyu ni mgumu zaidi, kwa sababu pengine tendo lipo. Alimpakia mke na watoto wawili kwenye boda moja bila helmeti. Aliacha sumu ya panya kwenye chupa ya soda. Usimdanganye kwamba haikuhusika, atajua unadanganya na hatakuamini tena. Mwambie ukweli kwa kipimo chake: ndiyo, ingekuwa chupa nyingine mtoto asingekunywa. Lakini kusababisha ni jambo moja, kustahili ni jingine. Nyumba nyingi mtaani zimeweka sumu kwenye chupa za soda na watoto wao wako shuleni leo. Mwanasaikolojia Ronnie Janoff-Bulman, Mmarekani, alitenganisha mwaka 1979 lawama za namna mbili: mtu kulaumu alichofanya, na mtu kulaumu alivyo. Aliyelaumu alichofanya bado ana kitu cha kushika, kesho atafanya vingine. Aliyefika kwenye "mimi ni mtu wa mikosi" hana cha kubadilisha, na kwake kesho ni mkosi mwingine unaosubiriwa. Kazi yako ni kumshika asivuke kutoka lawama ya kwanza kwenda ya pili. Rudisha maneno kwenye chupa. Chupa tunaweza kuiondoa, na ukimpa kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba kuziondoa, ataifanya vizuri kuliko mtu wa afya yeyote.

Wa tatu anaambiwa ni damu ya ukoo, na hapa ndipo ninapokasirika hasa, kwa kuwa uongo umekaa jirani sana na ukweli. Watoto wanakufa mmoja baada ya mwingine katika nyumba moja. Wanavimba vidole, wanalia mifupa, macho ya njano, damu imepungua. Laana ya ukoo! Mama anarudishwa kwao, au anapelekwa kuvunjiwa minyororo kwa ada.

Ni selimundu, ugonjwa wa damu, sikoseli kama tunavyoiita huku. Ndiyo, inatoka kwenye ukoo, lakini inatoka kwa wote wawili, baba na mama, na hakuna kati yao aliyetenda lolote. Mtu akirithi chembe ya urithi ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu, huishi kama wengine na hajui anayo. Wakikutana wawili wa hivyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Kila mimba, tafadhali, si kwamba mmoja akishaugua watatu wanaofuata wamesalimika. Uchunguzi uliofanywa nchi nzima kwa damu za watoto wachanga, mwaka 2014 na 2015, ulikuta karibu 13 kati ya kila 100 wanayo chembe hiyo. Kule Bundibugyo kwa Wabaamba, madaktari wa mwaka 1949 waliikuta kwa zaidi ya 40 katika 100. Na kwa nini iwe nyingi kwetu? Kwa sababu mwenye kuirithi upande mmoja huwa na kinga dhidi ya malaria kali. Wahenga wetu waliokuwa nayo walipona utotoni, wakazaa. Kinachoitwa laana ndicho kilichowavusha babu zao. Baba mmoja nilipomweleza hivyo alikaa kimya, kisha akauliza swali moja tu: kipimo ni wapi. Hilo ndilo swali unalotafuta.

Kaskazini walipitia vivyo hivyo na ugonjwa wa kutikisa kichwa. Kitgum, Pader, Lamwo, watoto walianza kuinamisha kichwa mara kwa mara, hasa wakiletewa chakula, wakadhoofika. Watu waliotoka vitani walisema ni roho za waliouawa bila kuzikwa, nami siwezi kuwacheka, kwa waliyoyaona. Lakini uchunguzi ulielekeza kwenye minyoo inayobebwa na nzi weusi wa mito yenye maji ya kasi. Tangu 2012 dawa ya ivermectin ikagawiwa mara mbili kwa mwaka na mito ikapigwa dawa. Wagonjwa wapya wakapungua mno. Roho zilizokuwa zimechukia wazazi hazikuombwa msamaha zaidi ya awali.

Mhubiri akishika kipaza sauti

Usibishane naye mbele ya jeneza. Mngoje kwenye chai, mkae pembeni, umwite Mchungaji kwa heshima yake. Atakuja na mistari miwili. Wa kwanza ni wa Ayubu sura ya tatu, kwamba jambo alilolicha ndilo lililompata. Muulize ni nani anayesema pale. Ni Ayubu katikati ya kilio. Msomaji ameshaambiwa tangu sura ya kwanza kwamba alijaribiwa kwa sababu ya uelekevu wake, na Mungu akija kusema mwishoni hataji hofu hiyo hata mara moja. Wa pili ni Mithali 23, aonavyo mtu nafsini mwake ndivyo alivyo. Mwombe asome mistari yote ya hapo. Ni habari za mtu bahili anayekukaribisha kula huku moyo wake hauko nawe. Haina uhusiano na ajali ya boda.

Kisha mkumbushe Siloamu. Mnara ulianguka ukaua watu kumi na wanane, na Yesu akauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, akajibu mwenyewe: sivyo. (Idadi ileile ya watoto wa Runyanya. Niliiona siku moja nikisoma, nikafunga kitabu kwa muda.) Mchungaji atakurukia na maneno yanayofuata, "msipotubu". Sawa, lakini anayeambiwa atubu pale ni msikilizaji aliyesimama mzima, hakuna aliyeulizwa juu ya waliofukiwa. Yule kipofu wa Yohana sura ya tisa naye ni hivyo: wanafunzi walitaka kujua alitenda dhambi yeye au wazazi wake, wakajibiwa si yeye wala wazazi.

Nyumba ya Waislamu nenda kwa adabu yake. Aya ipo, katika Sura Ash-Shura, kwamba msiba unaowapata watu ni kwa yaliyochumwa na mikono yao, na kwamba Mwenyezi Mungu husamehe mengi. Usijifanye haipo. Shehe mmoja wa hapa mjini huisomea nafsi yake tu, haisomei jirani, na watu wakimbana huwasimulia siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume. Jua lilipatwa siku hiyohiyo. Watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Mtume akakataa, akasema jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Baba aliyetoka kuzika mtoto wake, na watu wanampa heshima ya mbinguni, akaikataa.

Haya mafundisho ya kuvuta kwa mawazo wala si ya babu zetu, ingawa yanavaa nguo za kwetu. Mizizi yake ni Marekani ya karne ya 19, kwa watu kama Phineas Quimby aliyefundisha kwamba ugonjwa ni imani potofu ya mgonjwa. Baadaye wahubiri kama Kenneth Hagin wakafundisha kwamba unachokiri kwa kinywa ndicho utakachopata, na redio na kanda zikayatawanya. Yalipofika huku yakakuta laana ya ukoo imeshakaa, yakashikana mikono nayo.

Mhubiri anayesikiliza, mbaki naye, ni msaada mkubwa. Anayemalizia kwa kutaka mbegu ya pesa kutoka kwa mfiwa, mwondokee na umtoe mfiwa hapo pia.

Kwa nini watu wema husema hivi

Fupi tu. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Melvin Lerner na mwenzake Carolyn Simmons waliwaonyesha wanafunzi mwanamke aliyeonekana kupigwa shoti za umeme kila anapokosea jibu. Alikuwa anaigiza, wao hawakujua. Walioweza kumwondolea adhabu walimwondolea. Walioambiwa ataendelea kuumia, na wao hawana la kufanya, walianza kumshusha thamani. Hatuwezi kuvumilia kwamba mtu asiye na kosa anaumia mbele yetu, basi tunamtafutia kosa ili tulale. Jirani yako anayenong'ona nyuma ya hema ana kijana wa boda pia. Ukimwona hivyo hutamtukana. Mpe kisu akamenye matoke.

Baada ya watu kuondoka

Wiki ya pili na ya tatu ndizo nzito, hema limeshakunjwa na manabii wanakuja mmojammoja. Pita kwake. Angalia kama anakula, kama analala, kama ameanza kuuza vitu. Akisema anataka kumfuata marehemu, usimwache peke yake usiku huo. Mwite mhudumu wa afya wa kijiji, mpeleke hospitali ya wilaya, na kule wakiona inafaa watamwandikia rufaa, hata hadi Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Watu huiogopa Butabika kama kaburi. Ni hospitali, watu wanarudi.

Akikuambia amepewa tarehe ya kuvunjiwa laana na kuna kiasi cha kulipa, usimwambie asiende. Mwambie aahirishe mpaka watoto waliobaki wapimwe. Akishaona karatasi ya majibu, tarehe ile mara nyingi hujifuta yenyewe.

Na kwenu wenye vyama vya kuzikana: wekeni safu ya sababu ya kifo kwenye daftari, muandike aliyoandika daktari au polisi. Radi. Kuzama. Barabara. Selimundu. Kuna aliyewahi kutaka niandike "nguvu za giza", mwenyekiti wetu akamwambia alete risiti. Sababu ileile ikijirudia mkaona, mnajua cha kununua: jaketi za Majanji, waya wa ardhini wa shule, nauli ya kwenda kupima damu. Nauli hiyo itengeni mapema, kwa sababu wiki anayoihitaji ndiyo wiki atakayokuwa amemaliza pesa zote kwenye jeneza.